Kompyuta Tatu za Digidigi

Paukwa!

Pakawa!

Hadithi ije?

Ije!

Ije na nini?

Ije na ukweli wake na uongo wake, utamu tutautia wenyewe!

Basi sogeeni, moto unatutosha wote. Na wewe wa nyuma acha kucheka, hata sijaanza.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na kompyuta zikiunguruma, palikuwa na mji katikati ya mbuga. Msiniulize umeme ulitoka wapi. Ngano haina mita.

Katika mji huo aliishi Digidigi, mwenye miguu myembamba na macho makubwa, na mwenye adabu kuliko wote. Mama yake alikuwa manju wa mji. Watu wakitwanga, aliimba. Watu wakioa, aliimba. Mtoto akilia, aliimba. Na nyimbo zake zote zilitunzwa ndani ya kompyuta moja kubwa, pana kama sanduku la nguo, iliyoundwa na mzee Tembo kwa mkonga wake mwenyewe.

Ee, kompyuta ya Tembo! Ukiiwasha, ilikohoa kwanza, kisha ikaguna, kisha ikaimba nguuu kama nyuki mzingani. Uliweza kuchemsha chai na kuinywa kabla haijaamka. Lakini ikiamka, imeamka. Jioni majirani walikuja na mikeka yao, wakaketi mbele yake, wakasikiliza mpaka watoto wakalala mapajani. Ikipata vumbi, ungemtumia Tembo salamu tu na yeyote apitaye, naye angekuja mwenyewe, akaipuliza puuu, akaulizia afya za wote, akaondoka.

Kisha Tembo akafa. Kisha mama naye akafa. Ikabaki kompyuta.

Digidigi akajifungua binti, na siku zilezile kompyuta ikaanza kuchoka. Ikiwashwa asubuhi, inazimika adhuhuri. Ikiwashwa leo, inakataa kesho. Digidigi akamtazama mwanawe mchanga, akasema moyoni, "Ikifa hii, mwanangu hatamjua bibi yake hata kwa sauti."

Akamfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko, akaenda Mtaa wa Mafundi kutafuta kompyuta mpya, azihamishie humo nyimbo za mama.

Sasa ijueni desturi ya mji ule. Mlangoni hupigwa hodi mara tatu. Ukiambiwa karibu, unaingia. Usipojibiwa, unageuka unakwenda zako, hata kama moshi unatoka jikoni na unasikia vikombe vikigongana. Na anayeitikia hodi kwa neno lolote lisilo karibu, huyo hana adabu, wala nyumba yake haiingiliwi. Hivyo ndivyo alivyolelewa Digidigi.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Nyegere.

"Hodi, wenyewe!"

"Nani?" sauti ikanguruma.

"Hodi, wenyewe!"

"Nimeuliza nani! Huna jina?"

"Shikamoo, fundi. Ni mimi Digidigi. Natafuta kompyuta."

"Marahaba. Hizo hapo, angalia."

Digidigi akachungulia kutoka nje. Akaona mashine nene, nyeusi, hazina pambo, kama matofali yaliyoungua. Lakini neno karibu hakulisikia. Akangoja kidogo, labda limesahaulika. Halikuja. Akageuka.

"Neno moja tu," akamwambia mtoto mgongoni. "Lingempunguzia nini?"

Mlango wa pili ulikuwa wa Tausi.

"Hodi, wenyewe!"

"Karibu! Karibu ndani, karibu kiti, karibu mama mzazi! Hongera, bibie! Mtoto mzuri, kama kompyuta zangu!"

Digidigi moyo ukamtulia. Tausi akamwonyesha mashine nyembamba kama jani la mgomba, kifuniko chake kikibadilika rangi kila ikigeuzwa juani.

"Na ikiharibika?"

"Iharibike?" Tausi akacheka mpaka mkia ukatetemeka. "Bibie, vitu vya Tausi haviharibiki. Na vikiharibika, mlango wangu si ndio huu?"

Digidigi akaichukua. Nyumbani akaiamsha ile ya Tembo, akaziunga kwa waya, akahamisha nyimbo za kutwanga, mmoja baada ya mwingine, mpaka zikaisha zote kutoka ile ya Tembo. Akafunga kifuniko kwa furaha. Akakifungua. Akakifunga. Akakifungua, na bawaba ikalia ka! Kifuniko kikaning'inia kama bawa lililovunjika. Kioo kikawa cheusi, na nyimbo za kutwanga zimo ndani.

Akarudi mbio kwa Tausi.

"Hodi, wenyewe!" Kimya.

"Hodi, wenyewe!" Kimya.

"Hodi, wenyewe!" Kimya kabisa. Lakini chini ya mlango ncha ya mkia ilikuwa imejitokeza, manyoya yanatetemeka. Digidigi aliiona kwa macho yake haya makubwa. Angefanya nini? Hodi tatu zilikwisha. Akageuka.

Mlango wa tatu ulikuwa wa Kasuku.

"Hodi, wenyewe!"

"Karibu mara moja, karibu mara mbili, karibu mara mia! Dada yangu, bei yangu ni ya kutupa!"

"Na ikiharibika?"

"Usihangaike hata kuja! Piga simu tu. Kasuku huitika, Kasuku huitika!"

Digidigi akaichukua. Nyumbani akaamsha tena ile ya Tembo, ikakohoa kwa uchungu, akahamisha nyimbo za harusi. Mashine ya Kasuku ikapata joto. Ikazidi. Ikawa kama kikaango cha chapati. Moshi mdogo ukatoka ubavuni, pfff, ikazimika.

Digidigi akapiga simu.

"Karibu Kasuku! Simu yako ni muhimu kwetu. Tafadhali subiri."

"Kasuku, ni mimi, Digidigi. Mashine yako imeungua."

"Simu yako ni muhimu kwetu. Tafadhali subiri."

"Nimeshasubiri!"

"Tafadhali subiri."

Mtoto akalia, akanyonya, akalala, akaamka. Bado ikawa tafadhali subiri.

"Kasuku," Digidigi akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kupandisha sauti maishani mwake, "wewe ni ndege au ni ukuta?"

"Simu yako ni muhimu kwetu!"

Akakata. Akaketi sakafuni mbele ya kompyuta ya Tembo. Za kutwanga zimekwenda. Za harusi zimekwenda. Zilibaki za kubembeleza tu, zile alizoimbiwa yeye mwenyewe. Akaufungua wimbo mmoja, kidogo tu, amsikilizishe mtoto.

*Tulia, kidogo changu, tulia,*
*upepo umeshapita,*
*anayegusa mlango ni mimi,*
*tulia, kidogo changu.*

Kompyuta ikakohoa katikati ya neno. Digidigi akaizima haraka, kama mtu azimaye taa kuokoa mafuta. Akasimama, akakaza mbeleko, akazibeba zile mashine mbili mbovu, akatoka.

"Hodi, wenyewe!"

"Nani tena?" akanguruma Nyegere.

"Ni mimi Digidigi, na nimechoka!"

"Sasa mbona umesimama nje?"

"Hujanikaribisha!"

Nyegere akatoka, bisibisi mkononi, uso umekunjamana. "Binti, mlango huu naufungua alfajiri, sijawahi kuufunga kabla ya magharibi. Mvua inanyesha, uko wazi. Naumwa, uko wazi. Wewe unataka na nini juu yake, wimbo?"

Digidigi akatazama kizingiti. Hakuna aliyemfundisha kuvuka hivyo. Akamfikiria mama. Akainua mguu mmoja, akaingia bila karibu.

Nyegere akaipokea mashine ya Tausi, akaigeuza huku na huku. "Hii ni kompyuta au ni sahani?" Akaipokea ya Kasuku, akainusa. "Na hii ni jiko." Kisha akampa ya kwake, nyeusi, nene.

"Nzito, fundi."

"Iangushe."

"Eti?"

"Iangushe, nimesema!"

Digidigi akafumba macho, akaiachia. Ikatua kwa kishindo, mtoto akashtuka. Taa yake haikupepesa.

"Haya, zichukue zote, nenda. Na usiibembeleze, si yai."

Nyumbani akaziunga. Ile ya Tembo ikaamka kwa shida. Nyimbo za kubembeleza zikaanza kuvuka, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mara kioo cha Nyegere kikazima. Giza.

Digidigi hakulia. Alijitwika ile mashine kichwani, akakimbia.

"Hodi!"

"Nani tena?"

"Na yako imezima!"

"Ilete!"

Safari hii hakusita kizingitini. Nyegere akafungua parafujo, akainamia ndani, akagusa hiki, akagusa kile. Digidigi akajua kinachokuja: atasema umeidondosha, atasema umeimwagia maji, atasema rudi kesho.

"Waya umeachia," akasema Nyegere. "Niliufunga mimi, na nikaufunga vibaya. Nisamehe."

Katika mtaa mzima, hilo ni neno ambalo Digidigi hajawahi kuambiwa.

Nyegere akalehemu waya, akatia vifaa vyake mfukoni, akambebea mashine mpaka kwake. Akaketi sakafuni kando ya kompyuta ya Tembo. "Mzee," akaiambia taratibu, "kaza kidogo tu." Akaushika ule waya wa kuunganisha kwa kucha zake usitikisike, akaushika mpaka wimbo wa mwisho ukavuka. Kompyuta ya Tembo ikatoa nguuu ndefu, kama ile ya jioni za mikeka, ikanyamaza. Haikuamka tena.

Digidigi akaipangusa vumbi kwa ncha ya mbeleko.

Kisha Nyegere akaifungua ile ya Tausi, akatoa diski yake, akaitia katika nyeusi. Nyimbo za kutwanga zikatoka moja kwa moja, nzima, na mchi ukisikika nyuma yake. Digidigi akapiga vigelegele. Nyegere akaifungua ya Kasuku. Ndani diski ilikuwa imeyeyuka, imekuwa kama nta.

"Za harusi hazipo," akasema. "Sitakudanganya. Hakuna fundi atakayezirudisha."

Digidigi akainamisha kichwa. Nyegere akajikuna shingo. Akajikuna tena.

"Mama yako aliimba harusini kwangu."

"Kwako?" Digidigi akainua uso. "Nani alikubali kuolewa na wewe?"

"Usinichokoze, binti." Akasafisha koo, akatazama ukutani kama mwenye haya, akaanza:

*Mleteni taratibu, mleteni,*
*miguu yake ina hina mbichi,*
*mleteni, njia isimchafue,*
*mleteni taratibu, mleteni.*

Ilikuwa sauti mbaya, jamani. Sauti ya gogo linaloburutwa juu ya mawe. Lakini hakusahau ubeti hata mmoja. Alipomaliza akasema kwa ukali, "Unangoja nini? Washa, irekodi, sitaimba mara tatu!"

Digidigi akawasha. Nyegere akaimba tena, mashine nyeusi ikarekodi. Digidigi akafumba macho, mtoto mapajani. Na mule ndani ya ule ukwaruzo akamsikia Nyegere akivuta pumzi katikati ya ubeti, palepale mama alipokuwa akivuta, na akishusha sauti kwenye neno hina, kama mama alivyokuwa akiishusha. Machozi yakamtoka. Mtoto akageuza shingo kutafuta anayeimba.

Basi, wenzangu, kompyuta zote huharibika. Iliyopakwa rangi itaharibika, ya bei ya kutupa itaharibika, na nene kama tofali nayo itaharibika. Ukienda kununua, angalia unene wa bawaba, lakini zaidi muulizie fundi mwenyewe: siku ikiharibika, huwa yuko wapi, na husema nini? Wala usimkimbie kwa kuwa hajui kukaribisha. Wako wanaokaribisha kwa mdomo, na wako wanaokaribisha kwa kukaa mlangoni mwao siku zote.

Hadithi imekwisha, nimeikunja kama mkeka. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka aiache hapa, nitaikalia mwenyewe. Nami siku ile nilikuwepo, Digidigi akanipa uji wa moto, nikaungua ulimi. Ndiyo maana mmeona nasimulia polepole.