Ukurasa Usiokuwa na Maua

Wametusimulia waliotutangulia, na ajuaye zaidi ni Mwenyezi Mungu, kwamba katika mji mmoja uliosifika kwa waandishi wa misahafu aliishi mja mwema aitwaye Mwana Hidaya binti Faki. Baridi yabisi ilimshika vidole angali kijana, na kwa miaka kumi na minane hakupambazukiwa hata siku moja bila maumivu. Wapo waliomshauri aweke kalamu chini. Hakuiweka. Alinakili Qurani, akachora maua ya wino mwekundu na wa manjano pembezoni mwa kurasa, huku akiimba kasida kwa sauti ya chini, mkono ukifuata mahadhi.

Dada yake, Mwana Tima, alikuwa akimkanda kwa mafuta ya habasoda, naye hakuacha kunung'unika.

"Mdogo wangu, mkono umevimba hivi, nawe waimba?"

"Nikinyamaza unauma vilevile, dada."

Akaweka nadhiri ya kuandika msahafu mmoja, uwe wakfu wa msikiti kwa ajili ya marehemu mama yao. Ulimchukua miaka minne. Ulikuwamo ukurasa mmoja alioupenda kuliko zote. Maua yake peke yake yalimlia mwezi mzima, na mengi aliyamaliza kwa machozi. Lakini akiutazama alifurahi, jamani, akafurahi kama mtu asiyeumwa popote.

Desturi ya mji ule, kurasa za msahafu hazishonwi pamoja mpaka zisikilizwe. Hafidhi husoma kwa moyo, mwandishi hufuata kwa kidole ukurasani, na kila mstari ukiwa sawa husema naam. Hakuna mwingine atazamaye. Aliyekuja kumsomea ni Sheikh Muhidini, mzee aliyekwisha pofuka. Akasoma, naye akaitikia, hata wakafika kwenye ukurasa ule. Kidole cha Mwana Hidaya kikasimama. Neno moja halikuwapo. Aliliruka siku fulani maumivu yalipomzidi, na kwa desturi yao karatasi ya wakfu yenye kosa huzikwa, ikaandikwa nyingine.

"Mbona kimya, binti Faki?"

Naam moja tu, na maua yake yangebaki. Alijua pia kwamba mkono wake hauna tena nguvu ya kuchora mengine. Akalia kimyakimya, kisha akasema, "Nimeruka neno, Sheikh."

Sheikh akamwonea huruma. "Mola anaijua hali ya mkono wako. Liandike pembeni, yatosha."

"Pembeni pamejaa maua, Sheikh. Sitalibana neno la Mola ili maua yangu yapate nafasi."

Karatasi ikazikwa nyuma ya msikiti. Kuiandika upya kulimchukua siku arubaini, maandishi matupu, pembezoni peupe. Baada ya hapo vidole vikakunjika, havikushika kalamu tena.

"Hujuti?" akamuuliza dada yake.

"Nayalilia maua yangu, dada, sikufichi. Ndiyo yaliyokuwa yakinipa hamu ya kuamka. Lakini sauti haijavimba, alhamdulillahi."

Ndugu zangu, sisi jino likituuma siku moja nyumba nzima haikaliki. Huyu alijaliwa furaha katikati ya maumivu ya umri mzima, na ile aliyoipenda zaidi akakubali izikwe ili neno la Mola wake likae mahali pake. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mimi, wallahi, sijui kama ningeweza.