Kiboko na Siku ya Kupimwa

Paukwa!

"Pakawa!"

Nikakohoa, nikajiweka sawa kitini. Puu! Kaimati ikaniponyoka mfukoni na shira yake, ikabingirika, ikatua miguuni mwa mpwa wangu Mwanasiti.

"Mjomba! Na hiyo sukari yako?"

"Nimewaletea nyinyi."

"Moja? Watu kumi na wawili?"

Nikanyoosha miguu ndani ya viatu vyangu vipya vya Maskati, vilivyowabana wote waliovijaribu isipokuwa mimi. Mimi sisikii kitu. Nikaikimbilia hadithi.

Zamani hizo, kando ya mto, aliishi Kiboko. Asubuhi mua. Jioni mua. Kwachu! Kwachu! Kila alipokojoa, sisimizi walikuja mbio, msururu kwa msururu. Tabibu Nungunungu, mwenye sindano zake mgongoni, akatazama, akatikisa kichwa.

"Bwana Kiboko, una sukari. Acha mua. Tembea. Mizizi hii itafune kila siku. Na kila jioni mwombe yule ndege jirani yako, Yangeyange, akutazame nyayo, maana mwiba ukikuchoma hutausikia. Mwezi ujao njoo nikupime."

"Nimesikia, tabibu."

Akasikia, akaenda, akala mua. Kwachu! Kwachu!

"Kaka, inua mguu nitazame," akasema Yangeyange.

"Kupimwa ni lini?"

"Mwezi ujao."

"Basi na mguu mtaonana mwezi ujao."

Zilipobaki siku tatu, lo! Kiboko akawa mtawa. Mua hagusi. Mizizi anatafuna. Anatembea ndi! ndi! ndi! mto mzima umwone. Siku ya kupimwa akakojoa. Sisimizi wakapita, hawakusimama.

"Hongera, Bwana Kiboko!" akasema tabibu.

Kiboko akafanya sherehe. Sherehe ya nini? Ya mua.

Mwezi wa pili vivyo hivyo. Mwezi wa tatu vivyo hivyo. Siku tatu mtawa, siku ishirini na saba Kiboko.

Asubuhi moja amejilalia, tumbo juu. Yangeyange akapiga ukelele.

"Kaka! Mguu!"

Kiboko akageuka. Sisimizi, msururu kwa msururu, wanaingia na kutoka unyayoni mwake. Mwiba umo humo tangu mwezi uliopita. Jeraha limeoza, mwenyewe hana habari.

"Wajinga nyie!" akanguruma. "Leo si siku ya kupimwa!"

Sisimizi mmoja akainua kichwa. "Siku ya kupimwa kaiweka tabibu. Sisi tunakula kila siku."

Nungunungu aliuokoa mguu. Vidole viwili hakuviwahi. Ndiyo maana mpaka leo Kiboko hushinda majini mchana kutwa. Anaficha mguu.

Basi jueni: sukari haina mapumziko. Anayejitunza kwa ajili ya tabibu humdanganya tabibu siku moja, akajidanganya mwenyewe mwezi mzima.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Anayeitaka aichukue, mimi nirudishieni kaimati yangu.

Mwanasiti hakunirudishia. Akainama, akavitazama vile vya Maskati.

"Mjomba, vua viatu."