Mgeni Rasmi wa Bekari Kongwe

Bwana Mbaruku, tajiri wa Pangani, aliinunua bekari kongwe iliyoulisha mji boflo tangu enzi za mababu, akatangaza kwamba Jumamosi ataibomoa ajenge hoteli. Bi Mwatima, aliyeoka humo tangu usichana wake, alimeza uchungu akamwendea kwa unyenyekevu.

"Bomoa, mwanangu, mali ni yako. Ila Ijumaa sisi majirani tunaliaga jengo letu. Njoo uwe mgeni rasmi."

"Nitakaa mbele?"

"Mbele kabisa, na mama yako ubavuni."

Ijumaa alifika na joho lake. Ngoma zilirindima, vigelegele vikapaa, naye akapewa mkasi akate utepe wa pazia lililofunika ukuta. Akakata kwa madaha. Pazia likaanguka, na kibao kilichochongwa na majirani kikasomeka: "Bekari hii imehifadhiwa daima kwa hisani ya Bwana Mbaruku."

Umati ukamnyanyua juu juu. Mama yake akalia kwa furaha: "Kumbe nimezaa mtu!"

Bi Mwatima akamnong'oneza, "Basi kesho mafundi waje saa ngapi kubomoa?"

"Kubomoa?" akafoka Bwana Mbaruku, jasho likimtiririka. "Nani kasema kubomoa? Waje kupaka chokaa!"