Mashuka Aliyoyakunja Mama

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja na binti yake. Msigeuze shingo kumtafuta, nimemtunga mwenyewe. Ila nikifika katikati mkimwona mtu anainamia kitabu cha nyimbo wakati hatuimbi, mwacheni.

Binti huyo alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na mtaa mzima ulimwita "mtoto". Alizaliwa na ulemavu wa akili. Mambo ambayo wenzake waliyashika kwa siku moja, yeye aliyashika kwa mwaka. Lakini aliyashika. Naomba hilo mlikumbuke, kwa sababu mama yake alilisahau.

Kwamba mama alimpenda, hatubishani. Alimfunga vifungo vya gauni, alimchana nywele, na asubuhi alimpozea chai kwa kuimimina toka kikombe hiki kwenda kile. Binti hakuwahi kuungua ulimi. Wala hakuwahi kushika birika.

Basi kikafunguliwa kituo cha kuwafundisha watu wazima wa namna yake: kufua, kupika uji, kusalimia wageni, kujua basi la kupanda. Waliofanya vizuri walitafutiwa kazi. Mama akampeleka. Alikuwa ameanza kuvimba miguu, na kila alipoitazama alijiuliza swali ambalo kila mzazi wa mtoto wa namna hii hujiuliza, ingawa hakuna anayelisema mezani: nikiondoka mimi, huyu atabaki na nani?

Kituoni walimpa binti kadi ya mazoezi ya nyumbani. Ilikuwa na picha, kwa kuwa hakujua kusoma: sahani, ndoo, kitanda, shuka lililokunjwa. Akimaliza zoezi kwa mikono yake mwenyewe, mzazi anaweka tiki pembeni ya picha. Kila Ijumaa mwalimu anaikagua.

Siku ya kwanza binti alikunja shuka moja kwa muda ambao mama angekunja kumi. Lilipokwisha lilikuwa na pembe moja inaning'inia na tumbo katikati. Alilikumbatia akizunguka nalo chumba kizima. Mama akaweka tiki. Tiki halali hiyo, wapendwa.

Siku ya nne alimpeleka uani akaanike nguo. Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Makubwa! Leo umeamua kumfanya mgonjwa kijakazi?"

"Anajifunza tu, mama mwenzangu."

"Ajifunze nini tena, maskini ya Mungu? Tazama anavyoburuza kanga chini. Kama umechoka kulea si useme, tukusaidie?"

Jirani huyo ni mtu mzuri. Anaimba kwaya, sauti ya kwanza. Na tangu alipotoa ahadi hiyo ya msaada, hakuonekana tena pale ukutani.

Lakini lile neno lilimwingia mama. Kesho yake aliingiza beseni la nguo ndani, akafunga mlango, akaanza kukunja mwenyewe.

"Mama, nipe. Mimi," binti alisema.

"Ngoja kwanza. Kaa hapo uone mama anavyofanya."

"Niliona jana."

"Basi ona na leo."

Akaona na leo, na kesho, na keshokutwa. Mwanzoni alikuwa akinyoosha mkono. Baada ya wiki mbili akaacha. Mama alikunja, mama aliosha sahani, mama alitandika kitanda, na jioni mama aliketi na kalamu akaweka tiki. Hakujiona mwongo. Moyoni alisema: sisi ni kitu kimoja, nikifanya mimi amefanya yeye. Mazuri hayo, kama mtu angekuwa na mama milele.

Ijumaa mwalimu aliishika kadi akacheka kwa furaha. "Mama, imejaa yote! Hata mimi kitanda changu leo sijatandika."

"Ni Mungu tu, mwalimu," mama alisema.

Mungu, kama ilivyo kawaida yetu, akasingiziwa.

Miezi ikapita, kadi zikajaa. Ikaja habari kwamba hosteli moja mjini inahitaji mtu kwenye chumba cha kufulia. Mwalimu alipeleka kadi ya binti, na binti akaitwa kwa siku moja ya majaribio. Mama hakulala kwa furaha. Alimnunulia viatu vya kufunga kwa kamba. Asubuhi alipiga magoti, akamfunga kamba mwenyewe, wakaondoka pamoja na mwalimu.

Msimamizi wa chumba hicho cha kufulia alikuwa mwanamke mkarimu, mwenye haraka zake. Alimwonyesha binti meza iliyojaa mashuka.

"Karibu, dada. Kunja kama unavyokunja nyumbani."

"Ndiyo," binti alijibu kwa heshima, akavuta stuli, akakaa. Akaweka mikono mapajani.

Dakika tano. Dakika kumi. Mama alikuwa amesimama mlangoni, jasho likimtiririka mgongoni kama ndiye anayepimwa. Na kwa kweli ndiye aliyekuwa anapimwa.

"Dada, anza tu, usiogope," msimamizi akasema.

"Ndiyo." Hakuinuka.

"Kwani nyumbani huwa unafanyaje?"

Uso wa binti ukachangamka. Hatimaye alikuwa ameulizwa kitu anachokijua. "Mama anakunja. Mimi nakaa. Namwangalia mpaka amalize."

Mwalimu aliitazama kadi mkononi mwake, kisha akamtazama mama.

Mama akashindwa kuvumilia. Aliingia mbio. "Ana aibu tu huyu, hajazoea watu. Hebu nimkumbushe." Akachukua shuka, akalikunja, likanyooka utadhani limepigwa pasi. Akachukua la pili.

"Mama," msimamizi alisema taratibu, akamshika mkono. "Acha. Mashuka yaliyonyooka tunayo. Wanaoanza hapa tunawapa miezi mitatu ya kupindisha, na mwalimu anakaa nao bega kwa bega. Tulikuwa na nafasi moja ya namna hiyo."

"Basi mpeni hiyo. Anaweza. Naapa anaweza, siku ya kwanza alikunja mwenyewe."

"Tulimpa kaka mmoja wa kituo chenu, mwezi uliopita. Kadi yake ilikuwa na tiki nne." Msimamizi akainamisha macho. "Zilikuwa nne tu, mama, lakini zilikuwa zake. Huyu wako, kadi ilisema ameshavuka hatua hiyo, ndiyo maana tukamwita kwenye nafasi ya mtu anayejua."

Walirudi nyumbani. Njiani binti aliuliza, "Nimefanya vizuri?" Mama akajibu, "Vizuri sana, mwanangu." Akaweka tiki ya mwisho.

Laiti angekwenda kesho yake kituoni akasema, mwalimu, nilidanganya, tuanze upya na lile shuka lenye tumbo. Mlango ulikuwa wazi. Lakini aibu ilimshika miguu kuliko uvimbe. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa miaka. Mwalimu alikuja mara mbili. Mara zote mbili mama aliongea naye akiwa amesimama kizingitini, akisema mtoto amelala.

Miaka saba baadaye, mama hakuweza tena kuinama. Siku ya sala za jumuiya, zamu yake ya kuomba ilipofika, alishika mkono wa binti yake na kusema: "Bwana, nakuomba kitu kimoja. Usinichukue kabla yake. Mchukue yeye kwanza, nimzike kwa mikono yangu, kisha mimi nifuate hata kesho yake."

Watu walitokwa na machozi. Wakaitikia, "Amina!" Jirani wa kwaya aliitikia akiwa amefumba macho.

Na binti, aliyefundishwa kwamba mama akimaliza kuomba unaitikia, akasema "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wapendwa, tumeisikia sala ile? Tuivue yale machozi tuitazame. Mwanamke wa miaka thelathini na minane, mzima wa mwili, anaombewa afe kwa sababu hajui kukunja shuka. Na alikuwa ameanza kujifunza! Nani alimzuia? Tutasema mama yake. Ni rahisi, yeye ndiye aliyeshika kalamu. Lakini nani alichungulia ukutani? Nani miongoni mwetu ana duka, ana saluni, ana mgahawa, na hajawahi kuwaza kwamba kuna mtu anayeweza kupanga chupa zake polepole? Nani anasema "maskini ya Mungu" na kudhani ametoa sadaka?

Sisi tunawaita malaika ili tusiwaite kazini. Tunawapenda wakiwa wamekaa. Wakinyoosha mkono tunasema ngoja kwanza, na wakishajifunza kungoja tunasema mnaona, hawawezi. Kisha tunawaombea.

Mahubiri huisha kwa Amina, nami mmenizoea hivyo. Leo sitaisema. Tukae kimya kidogo, na kila mmoja wetu akumbuke ni sala gani amekuwa akiiitikia.