Masale Mia na Ishirini ya Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitika kama watu walioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Asiyetaka habari za shamba la mtu aondoke mapema, asije akanikatiza katikati. Mimi nikikatizwa naudhika.

Hapo kale, kale ile ya watu na wanyama kuamkiana asubuhi na kuteka maji mto mmoja, kwenye mteremko wa mlima mkubwa aliishi Nungunungu. Alikuwa na watoto watatu, jembe moja na shamba la magimbi. Shamba hilo alilifyeka mwenyewe, akalilima mwenyewe, akalizungushia masale mwenyewe. Masale mnayajua, ile mimea ya majani marefu inayopandwa mpakani ili kila mtu ajue mwisho wake. Nungunungu aliipanda kwa mpini wa jembe. Analaza mpini chini, anapanda isale. Analaza mpini, anapanda isale. Upande mmoja masale thelathini, pande nne masale mia na ishirini. Hata moja halikukaa upogo.

Mwaka mmoja mvua ikakataa. Mtawala wa mteremko ule, Mangi Kisoka, akaamuru uchimbwe mfereji kutoka msituni hadi tambarare, na bwawa katikati, ili watu na wanyama wote wapate maji. Jambo jema, sisemi vingine. Ila bwawa lilipangiwa pale pale penye magimbi ya Nungunungu, lote zima, kona hadi kona.

Na sheria ya nchi ile ilikuwa fupi, hata mtoto wa kunyonya aliijua. Mangi anaweza kuchukua shamba la mtu kwa kazi ya wote. Lakini kwanza ampe shamba jingine lililo sawa na lake. Mwenyewe akiridhika, anang'oa isale la kwanza kwa mkono wake. Kabla ya hapo, jembe la mtu halivuki.

Siku ya kwanza akaja Korongo, mpima ardhi wa Mangi, na miguu yake mirefu kama fito.

"Hodi hapa, Mama Nungu."

"Karibu. Angalia usikanyage magimbi."

Korongo akapita mpakani, hatua moja huku, hatua nyingine kule ng'ambo, kama anayevuka mito. Akamaliza pande zote kabla Nungunungu hajamaliza kufunga kanga.

"Hatua kumi na tano kila upande," akasema. "Na wewe utapewa kumi na tano kila upande, kule chini jirani na migomba ya Mangi. Kesho karani wangu anakupimia. Umeonewa wapi hapo?"

Nungunungu akakubali. Kumi na tano kwa kumi na tano, nani angekataa?

Siku ya pili akaja karani, wakashuka penye shamba jipya. Karani mwenyewe alikuwa Kwale. Mnamjua Kwale, vile vimiguu vyake. Akatembea tipu tipu tipu, hatua kumi na tano, akaweka jiwe. Tipu tipu tipu, akaweka jiwe. Alipoweka jiwe la nne, Nungunungu alisimama katikati akaona pande zote bila kugeuza shingo.

"Kwale mwanangu, hapa nitalima au nitalala?"

"Mama, mimi nimetumwa."

"Najua umetumwa. Mfereji siukatai. Miguu miwili naikataa."

Akapanda kwa Korongo. Akamkuta anajichokonoa manyoya.

"Baba Korongo, kumi na tano zile ni za nani?"

"Kumi na tano ni kumi na tano, Mama. Hesabu hizi ngumu, nawe hukusoma."

"Sikusoma. Lakini kitanda changu na kitanda cha mtoto navijua. Mnachukua kwa mguu wa Korongo, mnatoa kwa mguu wa Kwale. Mfereji siukatai. Miguu miwili naikataa."

Akaenda hadi barazani kwa Mangi mwenyewe, akasimama mbele ya kigoda.

"Watu wana kiu," Mangi akasema, "wewe unaniletea habari za magimbi?"

"Watoto wangu nao wana matumbo, Mangi. Mfereji siukatai. Miguu miwili naikataa."

Mangi akageukia wazee wake, wakacheka wote pamoja. Kisha akasema, "Kesho jua likifika utosini, wachimbaji watakuwa kwenye masale yako. Uwe umeng'oa. Usipong'oa, nakutangaza adui wa maji, na hata hicho kidogo hukipati."

Njiani akakutana na Muhanga, msimamizi wa wachimbaji, amejaa udongo hadi masikioni.

"Mama Nungu, kubali tu yaishe. Mangi hashindani na mtu."

"Kwako una masale, Muhanga?"

"Ninayo."

"Basi nenda ukayatazame."

Asubuhi Nungunungu akachukua kisu. Akaanzia isale la kwanza, akakata kilele. La pili, akakata kilele. La tatu, akakata kilele. Kama hamjui niwaambie: kilele cha isale ukikichomeka udongoni kinashika, na shina lililobaki nalo linachipua tena. Akakata vyote mia na ishirini, akavifunga mzigo mmoja, akajitwika kichwani pamoja na jembe lake, akashuka.

Korongo alipoona ule mzigo wa majani alirukaruka. "Ameng'oa! Si niliwaambia atang'oa?"

Hakwenda kuangalia. Shingo yote ile, angeinyoosha kidogo tu angeona mashina yamesimama shambani. Akakimbia kwa Mangi, ngoma ikapigwa, mteremko mzima ukaitwa kushuhudia Nungunungu akipokea shamba jipya. Watu wakaja, wanyama wakaja, wachimbaji wakaja na majembe begani. Mangi akaletewa kigoda.

Nungunungu hakusalimia. Alilaza mpini penye jiwe la kwanza, akachomeka isale. Akalaza mpini, akachomeka isale. Akaanza kuimba, na watoto wake wakaitika:

Nani kakupanda?

Mama!

Nani akung'oe?

Mama!

Nani mwingine?

Hayupo!

Mnasikia? Itikieni na nyinyi, msiniachie peke yangu. Nani mwingine?

Hayupo!

La kumi likaangukia kwenye jiwe la pili. Hapo ndipo ilipokuwa kona ya shamba jipya. Nungunungu hakukata kona. Alilaza mpini mbele ya jiwe, akachomeka la kumi na moja.

"Mama," Kwale akanong'ona, "jiwe umelipita."

"Nimeliona."

La kumi na mbili. La kumi na tatu. Watu wakaanza kuhesabu naye kwa sauti. La kumi na tano likaingia kwenye migomba ya Mangi.

Mangi akainuka. "Wewe, hapo ni kwangu."

"Najua, Mangi. Ila masale yangu ya upande huu hayajaisha. Kule juu ni thelathini. Mimi napanda kilichokuwepo, siongezi hata moja."

"Kule juu huna kitu. Umeshang'oa."

"Nani kasema? Nimekata vilele. Mashina yote yamesimama. Mtume Korongo akaangalie, jicho lake ni zuri akitaka."

Watu wakacheka, na safari hii hawakuwa wanamcheka Nungunungu. Mangi akaona anachekwa, damu ikampanda. "Muhanga, twende juu. Vuka masale yake, chimba."

Nungunungu akasimamisha miiba yote, ikalia cha cha cha. "Jaribu," akasema.

Muhanga akamtazama Mangi, akaitazama ile miiba, akashusha jembe begani, akalikalia.

"Mangi nisamehe. Jana nilikwenda kuyatazama masale yangu. Leo nikivuka ya huyu, kesho yangu yatavukwa na nani?"

Wachimbaji wengine nao wakakaa, mmoja mmoja. Jua lilikuwa utosini. Chini kule maharage ya watu yalikuwa yanajikunja, na ya Mangi yakiwemo.

Mangi akarudi kigodani. "Nakuongezea mipini mitano kila upande."

"Sikuja kuongezewa. Nimekuja kulinganishiwa."

"Kumi."

"Mangi, mimi sifanyi biashara ya nyanya. Ni sawa au si sawa?"

Mangi akaitazama migomba yake.

"Korongo," Mangi akasema. "Pima."

"Kwa miguu ipi, Mangi?"

"Ile uliyochukulia."

Korongo akaanzia jiwe la kwanza, hatua moja huku, nyingine kule ng'ambo, akazama katikati ya migomba ya bwana wake. Hatua ya kumi na tano ilipotua, Nungunungu alilaza mpini wake hadi pale, isale baada ya isale. La thelathini likasimama ubavuni mwa kidole cha Korongo. Pande zote nne zikawa hivyo hivyo.

Ndipo Nungunungu akapanda juu hadi kwenye shamba lake. Akazunguka magimbi mara moja. Akalishika isale la kwanza chini kabisa, akaling'oa kwa mkono wake, akamkabidhi Mangi mbele ya watu.

"Pita sasa, Muhanga," akasema. "Nami nipeni nafasi nichimbe, kiu ni ya wote."

Bwawa likachimbwa, maji yakashuka tambarare, na magimbi ya Nungunungu yakaota upya palipokuwa na migomba ya Mangi. Na Korongo? Tangu siku ile kila anaposimama watu humtazama miguu. Ndiyo maana mpaka leo, akisimama kandokando ya maji, huukunja mguu mmoja na kuuficha, tuone kwamba kipimo anacho kimoja tu.

Hadithi yangu imefika mpakani, na hapa nachomeka isale. Anayetaka kulisogeza, aanze na mimi.