Ndovu Chumbani mwa Simba

Mwaka ule masika hayakufika Nyika ya Mbarawe. Mto Lukole ulikauka ukabaki mchanga mtupu, na wanyama walipouchimba kwa kwato zao waliambulia unyevu wa kulamba tu. Pundamilia, waliozoea kuringia mistari yao, walijaa vumbi hadi wakafanana na punda wa kawaida. Ndama wa Nyati alilia mchana kutwa, kisha akaanza kunyamaza, na kunyamaza kwake kukamtisha mama yake kuliko kilio.

Ndipo kasuku mmoja wa kijivu mwenye mkia mwekundu akaja akatua kwenye mgunga. Alikuwa ametoroka mjini, kwenye nyumba ya mwalimu wa Kiingereza aliyemfuga tangu akiwa kinda. Kifua chake kilikuwa na matope mabichi.

"Tazameni matope hayo!" Sungura akapiga kelele. "Huyu ametoka kwenye maji, tena leo hii!"

Wanyama wote wakakusanyika chini ya mgunga. Simba, mfalme wao, akajitengeneza manyoya ya shingo kwanza, kisha akanguruma, "Mgeni, maji yako wapi?"

Kasuku hakuelewa lugha yao, lakini aliona ndimi zilizokauka, akajua wanataka nini. Akaeleza kwa Kiingereza, haraka haraka, huku akitikisa kichwa na mabawa. Hakuna aliyeambulia kitu.

"Nipisheni, nipisheni!" Fisi akajipenyeza mbele. "Mimi nimeishi nyuma ya jiko la hoteli ya watalii. Kiingereza nakitafuna kama mfupa."

Kweli Fisi aliokota maneno mawili matatu pale jikoni. Alijua nyama, alijua mguu, alijua mbwa, kwa kuwa mbwa ndio waliokuwa wakimfukuza. Ila alijua neno mojamoja tu. Maneno yakikaa pamoja yakatoa maana nyingine, yeye hakuwa na habari.

Akamsikiliza Kasuku akarudia. Akanasa maji, akanasa kunguru, kisha akanasa mkono na mguu. Mate yakamjaa mdomoni.

"Ewe Mfalme," akasema, "mgeni anasema maji yapo, lakini njia anaijua kunguru peke yake. Tumsubiri kunguru. Na kwa kutuletea habari hizi, anataka kila siku apelekewe mkono na mguu wa nyama."

"Mkono peke yake hautoshi?" Simba akauliza.

"Katamka wazi, Mfalme. Mkono na mguu."

Simba alifurahi kuwa na mtu mwenye lugha ya mjini kwenye baraza lake. Papo hapo akamteua Fisi kuwa Mkalimani Mkuu. Tangu siku hiyo mkono na mguu vikatoka katika mawindo ya Simba, naye Fisi akavibeba mwenyewe, akisisitiza kwamba watu wa kwao mgeni hawapendi kutazamwa wakila.

Kunguru walipita angani. Walipoitwa waliendelea na safari zao. Kila asubuhi Kasuku alisema jambo, na kila jambo lilitafsiriwa likawa nyama. Asubuhi moja Nyati alikuwa anakwenda kuchimba mtoni, na Kasuku akamhurumia, akamtakia heri kama walivyotakiana nyumbani kwa mwalimu.

"Kamwambia nini?" Simba akauliza.

"Kamwambia avunje mguu," Fisi akajibu. "Maana yake, uongezwe mguu mwingine."

Nyati akageuka kwa hasira. "Mguu wangu mimi? Nimemkosea nini?" Nusura auvamie mgunga kwa pembe.

Mbavu za wanyama zikaanza kuhesabika, huku tumbo la Fisi likiviringana kama mtungi. Kila mtu aliliona. Twiga, kwa urefu wake, aliona hata mahali anapolia, nyuma ya jabali. Lakini kumwita Fisi mwizi kulikuwa sawa na kumwambia Simba kuwa amepumbazwa, na nani angethubutu? Wakaangalia pembeni. Wakazungumzia joto.

Sungura ndiye aliyeshindwa kulala usingizi wa mchana kwa kuwaza. Akakusanya mbegu za nyasi, akampelekea Kasuku mtini. Kasuku akazifakamia mpaka akapaliwa.

"Ajabu hii," Sungura akajisemea. "Aliyepelekewa mkono na mguu jana, leo ana njaa ya namna hii? Na tangu lini kasuku akala nyama?"

Akagusa shina la mgunga. "Mti."

"Mti," Kasuku akaitikia, kwa sauti ileile ya Sungura, hata kikohozi chake.

Hapo Sungura akajua amepata njia. Kuiga ndiyo tabia ya kasuku, naye huyu alikuwa na kiu ya mazungumzo kuliko kiu ya maji. Kila siku akaja na mbegu na maneno mapya, na haukupita muda mrefu Kasuku akawa anaunga sentensi.

"Rafiki yangu," Sungura akamuuliza, "kwa nini unadai mkono na mguu?"

"Mimi?" Kasuku akashtuka. "Nilisema kufika huku kumenigharimu mkono na mguu. Kwetu maana yake ni ghali sana, nimeteseka sana. Nani akupe mkono wake?"

"Na Nyati ulimwambia avunje mguu!"

"Nilimtakia heri! Wanaokwenda kufanya kazi ngumu huambiwa hivyo."

"Heri gani hiyo ya kuvunjana miguu?"

"Na ninyi je?" Kasuku akajibu kwa sauti ya Sungura. "Jana ulisema Kobe amekula chumvi nyingi. Nikamhurumia, nikadhani ana kiu kuliko wote. Kumbe ni mzee tu!"

Sungura akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Na kunguru? Ulisema nini juu ya kunguru?"

"Nilisema maji yako nyuma ya kilima kile cha mawe, na kama arukavyo kunguru si mbali. Yaani ukienda moja kwa moja, bila kuzunguka. Kunguru mwenyewe hana kazi hapo."

Sungura akatoka mbio hadi kwa Simba, akamweleza yote. Simba akasimamisha manyoya. "Unataka kuniambia nilimteua mjinga?"

"Nataka kukuambia maji yako nyuma ya kilima."

"Mgeni anasema kupitia kwa Mkalimani wangu. Ondoka!"

Na bila amri ya Simba hakuna mnyama ambaye angevuka kilima kile kuingia nchi asiyoijua. Sungura akarudi mgungani amenywea. Alipita karibu na ndama wa Nyati, akamkuta amelala ubavu, mama yake akimpepea kwa masikio.

"Kasuku," akasema, "jambo kubwa ambalo kila mtu analiona na hakuna anayethubutu kulitaja, kwenu mnaliitaje?"

"Tunasema kuna ndovu chumbani."

Sungura akamtazama. "Rudia." Kasuku akarudia. "Basi baraza la adhuhuri likikaa, sema hayohayo, kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa."

Adhuhuri ikafika, Kasuku akasema. Masikio ya Fisi yakasimama wima. Ndovu! Chumbani! Nyika nzima ilikuwa na chumba kimoja tu, nacho ni pango la Simba, ambalo Simba alipenda liitwe chumba kama cha matajiri. Fisi akameza mate mara mbili. Kumbe Mfalme ameficha ndovu mzima!

"Amesema nini?" Simba akauliza.

"Aa... leo hana jipya, Mfalme. Anasema twende tukapumzike vivulini."

Wanyama wakatawanyika wakijikokota. Simba naye akainuka, lakini Sungura akamsogelea. "Mfalme, hata ukame huu haukuyaweza manyoya yako. Geuka kidogo tuyaone na upande wa pili." Simba akageuka. Akageuka tena. Alipokuwa bado anageuka, mshindo ukasikika kutoka pangoni, mifupa ikigongana na mawe yakiporomoka.

Simba akaruka. Wanyama wakamfuata. Wakamkuta Fisi amejizika chini ya kitanda cha nyasi cha Mfalme, mkia tu ndio unaonekana.

"Unatafuta nini chumbani mwangu?"

Fisi akajichomoa, nyasi zimemjaa masikioni. "Ndovu, Mfalme. Kipande kidogo tu cha ndovu."

Ndovu akachungulia mlangoni. "Mimi? Niko huku nje tangu asubuhi."

"Nani kakuambia kuna ndovu humu?" Simba akauliza.

"Kasuku! Kasema mbele yenu nyote!"

"Mbele yetu ulisema hana jipya."

Kisha Kasuku, aliyetua juu ya pango, akasema kwa Kiswahili kilichofanana na cha Sungura neno kwa neno: "Sikumaanisha ndovu wa nyama. Kwetu ndovu chumbani ni jambo kubwa mnaloliona nyote mkaogopa kulisema."

Wanyama wakatazamana. Halafu, polepole, macho yote yakateremka hadi kwenye tumbo la Fisi.

"Nilimwona nyuma ya jabali," Twiga akasema. "Kila siku."

"Na mgeni anakula mbegu!" akapaza sauti Nyati. "Mwanangu anakufa, huyu ananenepa!"

Wote wakaanza kusema kwa pamoja, hata Kobe. Simba akakohoa. "Mimi," akasema, "nilikuwa namchunguza tu." Hakuna aliyebisha, maana hapakuwa na wakati. "Kasuku, tuonyeshe njia."

Wakapanda kilima cha mawe moja kwa moja, Kasuku akitangulia, Ndovu akimsukuma ndama kwa mkonga kila alipolegea. Upande wa pili palikuwa na bwawa pana lenye matete, na vyura wakipiga kelele mchana mweupe. Ndama alikunywa hadi akajikwaa kwa uzito wa tumbo lake. Nyati alilia kwa furaha, akamsugua Sungura kwa pua yake yenye maji.

Simba akatoa hukumu palepale bwawani. Fisi angekunywa wa mwisho, na hangemsemea mtu yeyote tena. Kila asubuhi angekaa na watoto chini ya mti wa Kasuku, ajifunze maana za maneno yakiwa pamoja.

Alijifunza mengi, tena kwa bidii. Lakini kila msemo uliotaja kitu cha kuliwa, masikio yalimsimama, mate yakamtoka, na maana ikampotea kabisa, watoto wakicheka hadi wakaanguka. Wakubwa nao wakapata desturi mpya. Tangu hapo mtu akiwaletea maneno ya mgeni, humwuliza kwanza mgeni mwenyewe amekusudia nini, ndipo watoe walicho nacho.