Nyenje na Bembelezi ya Fisi

Wimbo, wimbo!
— Wimbo njoo, sauti kolea!

Paliondokea mtunzi mdogo, Nyenje, mdudu aimbaye usiku kucha bila kufumba jicho. Nyimbo alizitunga yeye. Mwimbaji katika televisheni ya nyikani alikuwa Fisi, mwenye kifua kipana na koti la kumetameta. Kila wimbo ulipopendwa, Fisi alisema, "Nimetunga mimi." Nyenje alitamani jambo moja tu: jina lake lisikike.

Siku moja Fisi akaja.

"We kidudu! Nataka bembelezi. Leo jioni nyika nzima itanitazama."

"Ipo, Bwana Mkubwa. Ina beti tatu. Na desturi yetu waijua: jina la mtunzi hukaa ubeti wa mwisho."

"Weka langu!"

"Haya, bwana."

"Na beti tatu zitanishibisha mimi? Ongeza!"

Nyenje akaongeza, kri-kri-kri.

"Ongeza!"

"Utachoka, bwana."

"Achoke nani? Ongeza!"

Akaongeza, kri-kri-kri, hata wimbo ukawa mrefu kuliko mto.

"Sasa nitaukumbukaje wote?"

"Nitajificha kwenye kipaza sauti, nikunong'oneze."

Jioni taa zikafifia. Nyenje akanong'ona, Fisi akaimba:

*Lala, mwezi watandika,*
*mawingu ni shuka lake…*

Swala wakainamisha shingo. Tembo akauegemea mti. Mbele ya kila televisheni kope zikashuka polepole, kama umande ushukavyo majanini. Ubeti ukafuata ubeti, sauti ya Fisi ikawa nzito kama asali; taya likaning'inia, akasinzia. Khorooo! Khorooo!

Nyenje, asiyejua usingizi, akapanda juu ya kipaza sauti. Ubeti wa mwisho akauimba mwenyewe, taratibu, tena na tena, nao ukapenya katika ndoto za nyika nzima.

Kulipokucha, Tembo aliamka akimwimba Nyenje. Swala wakamwimba Nyenje. Hakuna aliyejua amejifunzia wapi.

"Uongo!" Fisi akafoka. "Wimbo ni wangu!"

"Basi tuimbie ubeti wa mwisho, bwana," Swala wakamwambia, wakicheka.

Fisi akatanua kifua, akafumba macho, na kinywani kikamtoka alichokiota:

*Aliyetunga si Fisi,*
*ni Nyenje wa majanini;*
*sauti yangu nyepesi*
*nawawekea ndotoni.*

Funzo, wapenzi wangu: kuiba wimbo wa mwenzio si vibaya, vibaya ni kuuiba kabla hujalala ukatosheka.

Wimbo umetua. Ukiwa mtamu, nendeni nao. Ukiwa mchungu, niachieni niulambe mwenyewe.